Sanadi ya Mkate

Skuli yetu hapa Konde ina kompyuta tatu,
na iliyo nzima kuliko zote haina kitufe cha M.
Makame akiandika jina lake hutoka Akae,
wenziwe humwambia: haya, kaa basi!
Mgeni hutoka Geni.
Yeye hacheki. Hulitazama jina kwenye kioo
kama mtu aliyevishwa kanga ya mwenziwe.

Jumatano umeme ulikatika toka alfajiri.
Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni:
KAKWAMBIA NANI?
Nikawauliza: chuoni, Maalim akikusomesheni hadithi,
huanzia wapi?
Wakajibu pamoja, kwa ile sauti ya kuvuta ya jioni:
kapokea fulani kwa fulani, naye kwa fulani,
mpaka kwa aliyesikia kwa masikio yake.
Basi, nikasema, na simu ya baba vivyo hivyo.
Habari isiyo na sanadi ni msafiri asiyesema kwao:
mpe maji,
usimpe ufunguo.

Makame akanyanyuka bila ya kuitwa.
Kwenye mchezo wa simu ya kakake, akasema,
yupo mtu anajiita Bingwa.
Kampa almasi mia mbili za mchezo, bure.
Kisha kamuuliza anasoma skuli gani,
analala chumba kimoja na nani,
kamtaka na picha,
halafu: hii siri yetu, usimwambie mama.

Darasa likanyamaza hata tukamsikia
mbuzi wa jirani akikwangura bati.
Sikumgombeza. Nilisema nao wote, polepole:
mtu akikwambia usimwambie mama,
hapo hapo, hata kama mama yuko chooni,
kagonge mlango.
Walicheka. Makame hakucheka, aliuliza
kama zile almasi inabidi azirudishe.

Ndipo Mgeni akanyoosha vidole viwili.
Mwalimu, na ile picha ya mkate wa bibi yangu,
wewe uliipokea kwa nani?

Chaki ilinivunjikia mkononi.

Ilikuwa mwaka jana, wiki moja kabla ya Ramadhani.
Mkate wa kumimina, umekatwa,
ndani yake msumari wenye kutu,
na maneno: Umeuzwa Konde. Mtumie kila umpendaye.
Na mimi nawapenda watu wengi.
Niliwatumia walimu, nikamtumia dada yangu wa Wete,
nikawatumia wanawake wa kikundi cha hisa,
kidole gumba kimoja, chai haijapoa.
Siku tisa Bi Mkasi wa Kifundi
alirudi nyumbani na beseni zito kama lilivyotoka.

Sijui, nikamjibu Mgeni. Sikuuliza.
Uliitazama mara ngapi?
Mara moja.
Mimi nyingi, akasema. Chini ya mkate pana gazeti,
na herufi za lile gazeti
hapa hakuna azisomaye.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesahihisha hesabu,
akaketi, akafungua daftari,
akalinakili swali langu ubaoni kwa kalamu,
na M yake ikiwemo.

Jioni nilikwenda Kifundi kwa miguu.
Bi Mkasi alikuwa akipanga makaa juu ya kifuniko.
Niliomba radhi, nikaitoa simu:
nitaandika sasa hivi, kwa wale wale wote.
Hakuitazama simu. Alinikatia kipande
kingali moto, iliki ikinipanda puani.
Kula kwanza, akasema.
Ukishameza, ndio uandike.

Nilikula. Niliandika.
Walimu waliupata. Wanawake wa hisa,
wawili walijibu ahsante, mmoja akauliza bei.
Kwa dada yangu wa Wete
ujumbe umekaa na tiki moja
hadi leo.